Kukaa kwenye nyumba ya kale ya mawe katika vilima vya Wales: mwongozo kamili

Tulifika mwisho wa Oktoba, giza limeshaingia, mvua inanyesha ya upepo, ile inayoingia hadi masikioni. Ufunguo ulikuwa ndani ya kisanduku cha namba kando ya mlango. Nyumba ilikuwa ya mawe, ya tangu enzi, na ndani kulikuwa na baridi kushinda nje. Nikawasha jiko la kuni haraka haraka, na haikupita dakika tano sebule yote imejaa moshi, mtoto anakohoa, macho yanatuwasha. Mama yangu, ambaye alikuwa amekuja kututembelea kutoka Lushoto, akaifunga kanga yake kiunoni, akapiga magoti mbele ya lile jiko la chuma, akalichungulia juu na chini. "Moto huu haupumui, mwanangu," akasema. Akavuta kishikio cha chini ambacho sikuwa nimekiona, akatoa kuni zote, akazipanga upya. Robo saa baadaye tulikuwa tumevua makoti.

Nimerudi kwenye vilima vile mara kadhaa tangu siku hiyo, na kila ndugu anayeniuliza namna ya kwenda namwambia nililojifunza usiku ule. Nyumba hizi si hoteli. Zinataka mtu wa kuzitunza kwa siku zile chache anazokaa: moto wake, kuta zake, maji yake. Na mtu aliyekulia kwenye kuni, chokaa na maji ya chemchemi tayari ana nusu ya elimu inayohitajika. Nusu nyingine ndiyo ninayoiandika hapa.

Nyumba yenyewe ni ya namna gani

Kwa Kiwelisi huitwa bwthyn. Kuta zake ni za mawe yaliyotoka palepale shambani au mtoni, unene nusu mita na zaidi, yameshikanishwa kwa udongo au chokaa. Paa ni la sleti, lile jiwe la kijivu linalopasuliwa likatoka vipande vyembamba. Kaskazini-magharibi ya Wales ilichimbwa sleti nyingi mno, na mwaka 2021 UNESCO iliiweka mandhari ile ya machimbo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Ndani utakuta simne fawr, yaani dohani kubwa ya zamani ambayo mtu anaweza kuingia chini yake, na siku hizi jiko la chuma lenye mlango wa kioo limewekwa humo. Katika nyumba ndogo za wachimba sleti na wakulima utakuta pia croglofft, nusu dari iliyo juu ya chumba kimoja, inayopandwa kwa ngazi iliyosimama karibu wima. Mzee mwenye magoti mabovu hawezi kulala kule, na mtoto mdogo asiachwe kupanda peke yake.

Jina la nyumba nalo lina habari. Zamani wafugaji walihama na mifugo: kiangazi walikaa juu mlimani kwenye hafod, majira ya baridi wakateremka kwenye hendre bondeni. Basi ukiona nyumba imeitwa Hafod fulani, tegemea iko juu, upepo mwingi, na barabara yake huenda ni ya mawe. Hendre mara nyingi iko chini, palipokingwa.

Kuhusu kuta, msomaji wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu au Mombasa ya kale ataelewa upesi. Ukuta wa mawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa tena. Ukiusiliba saruji, unyevu unanaswa ndani na ukuta unaanza kubomoka. Nyumba ya kale ya Wales ni vivyo hivyo. Harufu kidogo ya mawe mabichi unapofungua mlango si uchafu wala uzembe. Lakini ukungu mweusi ukutani juu ya kitanda, au godoro lenye unyevu, huo ni uzembe, na una haki ya kumpigia simu mwenye nyumba saa hiyohiyo.

Hatua ya 1: Chagua bonde kabla ya kuchagua nyumba

Watu wengi huanza na picha za nyumba. Anza na ramani, maana siku zako zitaamuliwa na mahali.

Eryri, ambayo Waingereza waliizoea kwa jina la Snowdonia, ndiyo yenye milima mirefu zaidi. Yr Wyddfa ina mita 1,085. Miji midogo ya Betws-y-Coed, Llanrwst na Beddgelert iko karibu, na ukipenda kutembea milimani hapa ndipo pake. Bei ni za juu na wakati wa likizo watu ni wengi.

Kusini kidogo ya hapo, kuzunguka mlima Cadair Idris wenye mita 893 na mji wa Dolgellau, ni kimya zaidi na bahari haiko mbali. Pale pwani karibu na Tywyn kuna mahali paitwapo Tonfanau. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, baadhi yao walipokewa kwenye kambi ya zamani ya jeshi mahali pale, wakauona msimu wao wa kwanza wa baridi kati ya bahari na vilima hivi. Kila nikipita kule nawakumbuka.

Bannau Brycheiniog, zamani Brecon Beacons, ni kusini. Vilima vyake ni vya majani, vipana, na Pen y Fan ina mita 886. Kwa anayetoka Cardiff, Bristol au London, ndiko karibu. Katikati ya nchi, upande wa Elan na mabonde yake ya mabwawa, ndiko kwenye upweke wa kweli: kondoo, mwewe, na usiku wenye giza totoro.

Kwa safari ya kwanza na watoto au wazazi wazee, ushauri wangu ni bonde lenye kijiji chenye duka ndani ya dakika 15 kwa gari. Upweke mkubwa uache kwa safari ya pili.

Hatua ya 2: Uliza kabla ya kulipa

Nyumba hizi hupatikana kwa njia tatu: mwenye nyumba mwenyewe, kampuni za kupangisha nyumba za likizo, na mashirika ya hisani yanayohifadhi majengo. Ya tatu haijulikani sana kwetu na ndiyo ninayoipenda. National Trust, lililoanzishwa 1895, lina nyumba kadhaa. Landmark Trust, lililoanzishwa 1965, huokoa majengo yaliyokuwa yanabomoka, likayakarabati kwa ufundi wa zamani na kuyapangisha. Moja ni Llwyn Celyn karibu na Abergavenny, nyumba ya mkulima wa yapata mwaka 1420. Nyingine ni Coed y Bleiddiau, jina lenye maana ya msitu wa mbwa mwitu, iliyojengwa 1863 kwa ajili ya msimamizi wa reli ndogo ya Ffestiniog. Haina barabara ya gari, na wageni huweza kuifikia kwa treni yenyewe. Nyumba za Landmark Trust hazina televisheni wala intaneti, na wamefanya hivyo makusudi.

Majengo mengi ya aina hii yako chini ya ulinzi wa sheria ya urithi, na Cadw, idara ya serikali ya Wales, ndiyo inayohusika na orodha yake. Ndiyo sababu dirisha la karne ya 18 linaweza kubaki na kioo kimoja chembamba, na mlango mfupi ukabaki mfupi. Ukijua hivyo mapema hutanung'unika, utabeba soksi.

Maswali ninayoyauliza kwa maandishi, nikasubiri jibu kabla ya kutoa pesa:

- Gari linafika mlangoni? Kama halifiki, ni mita ngapi kwa miguu, na njia ina mwinuko gani?
- Nyumba inapashwa moto na nini mbali na jiko la kuni, na gharama hiyo imo ndani ya kodi?
- Kuni zipo, za kutosha siku ngapi, na zimekauka?
- Maji ni ya bomba la mji au ya chemchemi?
- Ngazi zikoje, na kuna kitanda na choo chini kwa mzee?
- Simu inashika? Ya mtandao upi?
- Kuna kengele ya moshi na ya kaboni monoksidi?

Swali la mwisho usiliache. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na kila mtu wa kwetu amewahi kusikia habari ya waliolala na jiko la mkaa ndani wasiamke. Nyumba yenye moto wa kuni lazima iwe na kengele yake. Jibu likiwa la kuzungushazungusha, tafuta nyumba nyingine.

Wiki ya kupanga nyumba huanza Ijumaa au Jumamosi. Ukitaka siku chache, wengi hutoa Ijumaa hadi Jumatatu, au Jumatatu hadi Ijumaa kwa bei nafuu zaidi. Kuingia ni kama saa kumi alasiri, kutoka saa nne asubuhi. Epuka mwisho wa Julai na Agosti nzima kama huna mtoto wa shule. Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi yangu: mchana mrefu, bei imepungua, na Mei bonde lote ni kijani kibichi. Soma masharti ya kurudishiwa pesa, na usimtumie mtu usiyemjua pesa moja kwa moja benki kwa sababu tu picha ni nzuri.

Hatua ya 3: Karatasi na njia

Wales iko ndani ya Uingereza, kwa hiyo sheria za kuingia ni zilezile. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya mgeni, ambayo kwa kawaida huruhusu kukaa hadi miezi 6. Mwenye pasipoti ya Oman huomba idhini ya kielektroniki. Ndugu walioko Ujerumani, Ubelgiji au Ufaransa wakumbuke kwamba viza ya Schengen haifanyi kazi huku. Usilipie nyumba isiyorudisha pesa kabla viza haijatoka.

Kwa treni, kutoka London Euston hadi Llandudno Junction ni kama saa tatu, kisha treni ndogo ya bonde la Conwy hukufikisha Betws-y-Coed kwa nusu saa hivi. Treni hizo za bondeni ni chache kwa siku, na mto ukifurika reli hufungwa, hivyo tazama ratiba asubuhi ya safari yenyewe. Kutoka kituoni hadi nyumbani panga teksi siku kadhaa kabla, hutaikuta ikisubiri.

Kwa gari ni rahisi zaidi: kutoka Liverpool hadi Betws-y-Coed saa moja na nusu, Manchester saa mbili. Leseni kamili ya nchi yako hukuruhusu kuendesha kwa miezi 12 tangu uingie, na gari huendeshwa kushoto kama kwetu Tanzania, Kenya na Uganda. Tangu Septemba 2023, mwendo wa kawaida ndani ya makazi Wales ni maili 20 kwa saa, na kamera zipo.

Kazi iko kwenye zile barabara za upana wa gari moja, kuta za mawe pande zote mbili. Kuna sehemu za kupishana zilizopanuliwa kidogo. Mkikutana, aliye karibu na sehemu hiyo ndiye anayerudi nyuma, awe mwenyeji au mgeni, na anayepita huinua mkono kushukuru. Usiegeshe gari hapo hata kwa dakika mbili za picha. Trekta likija, lipishe. Na ramani ya simu usiiamini kilomita tano za mwisho. Hukupeleka kwenye njia za msituni zisizopitika. Chapisha maelekezo ya mwenye nyumba kwenye karatasi, jaza mafuta mjini, na ufike kabla ya giza. Desemba giza huingia saa kumi jioni. Juni jua huzama baada ya saa tatu na nusu usiku.

Majina unayoyaona barabarani

Nisimame hapa kidogo, kwa sababu ni jambo linalonifurahisha mno. Mtu wa Kiswahili ana bahati kwa Kiwelisi. Mkazo wa neno, kwa kawaida, uko silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Herufi dd ni dh ya dhahabu: Yr Wyddfa ni kama "a widhva", Beddgelert ni "bedhgelert". Th ni ya thelathini. Ch ni kh ya Khamisi, basi diolch, yaani asante, ni "diolkh". F moja husomwa v, mbili ndizo f. W mara nyingi ni u tu, ndiyo maana cwm, bonde, ni "kum". Iliyobaki ngeni ni ll: weka ulimi kama wa kusema l, kisha puliza hewa pembeni bila sauti.

Na maneno yao hubadilika mwanzoni. Nchi ni Cymru, lakini kibao cha mpakani kinasema Croeso i Gymru, karibuni Wales, na "ndani ya Wales" ni yng Nghymru. Sisi tuliozoea ulimi kuwa ndimi hatushangai.

Jifunze machache: llan ni kanisa na makazi yake, afon mto, llyn ziwa, pont daraja, bwlch njia ya kukatiza mlimani, coed msitu. Neno ARAF lililochorwa lami maana yake polepole. Sensa ya 2021 ilihesabu watu 538,000 wanaosema Kiwelisi, asilimia 17.8 ya wakazi, lakini Gwynedd, mkoa wenye sehemu kubwa ya Eryri, ni zaidi ya asilimia 64. Utakisikia dukani na kwenye basi. "Bore da" asubuhi na "diolch" ukiondoka vitakufungulia mlango kuliko Kiingereza kizuri.

Hatua ya 4: Unachobeba

Umeme ni wa plagi ya pini tatu bapa, ileile ya Dar, Nairobi, Kampala na Muscat. Anayetoka Bujumbura, Kigali au Lubumbashi abebe adapta. Nguo: koti la mvua la kweli, buti zenye meno, ndara nzito za ndani kwa sababu sakafu ni ya mawe, tochi ya kichwani moja kwa kila mtu. Blanketi la mzee wako analolipenda, libebe.

Chakula nunua mjini kabla ya kupanda. Unga wa sembe, tui la nazi, maharage, bizari, nyama halali: hivi utavipata Manchester, Liverpool, Birmingham au Cardiff, si kwenye duka la kijijini. Beba mwiko na sufuria moja nzito, kwani sufuria za nyumba za likizo mara nyingi ni nyepesi na ugali utaungua. Duka la kijiji liachie maziwa, mayai, mkate, siagi na kondoo wa palepale kwa anayekula. Vitumbua vyao, pice ar y maen, hupikwa juu ya bamba la chuma linalofanana na la chapati, na ni vitamu vya moto; ila kiasili hutiwa mafuta ya nguruwe, kwa hiyo Mwislamu aulize kwanza.

Kibla kutoka Wales ni kusini-mashariki. Pakua saa za sala kabla ya kufika, maana simu inaweza isishike, na kuanzia mwisho wa Mei hadi Julai usiku hauwi mweusi kamili, hivyo Isha na Alfajiri hufuata ratiba ya msikiti wako wa mjini.

Hatua ya 5: Saa mbili za kwanza

Usianze na mabegi. Soma daftari la maelekezo mezani, jua swichi kuu ya umeme na koki ya maji zilipo, bonyeza kengele za moshi na za kaboni monoksidi usikie zinalia. Halafu moto.

Fungua vishikio vyote vya hewa, cha chini na cha juu. Chagua kuni nyepesi mkononi, zilizopasuka nchani, zinazolia ukizigonganisha; kuni mbichi ni nzito na hutoa mlio mzito kama wa godoro. Mama alizinusa pia. Laza magogo mawili madogo sambamba, juu yake vijiti vyembamba vilivyopishanishwa tabaka mbili tatu, na kile kipande cha kuwashia kiwe juu kabisa; moto utashuka chini wenyewe. Ni kinyume cha mafiga ya kwetu, lakini kwa dohani ndefu yenye ubaridi ndiyo njia bora, kwa sababu joto linapanda mapema na kuivuta hewa. Washa, uache mlango wazi upana wa kidole kwa dakika chache, kisha ufunge. Vijiti vikishakolea, punguza hewa ya chini polepole. Ongeza gogo moja au mawili tu, na yawe juu ya makaa mekundu.

Moshi ukirudi ndani, fungua dirisha, hakikisha hewa ya chini iko wazi, kisha sokota karatasi, iwashe na uishike kwenye mdomo wa dohani ipashe njia. Ikiendelea, zima, piga simu; huenda kunguru wamejenga humo. Kioo kikiwa cheusi baada ya saa moja, kuni ni mbichi au umebana hewa mno. Usichome takataka wala mbao zenye rangi. Na jiko la mkaa la nje, hata lile dogo la kutupwa, lisivuke kizingiti kamwe, hata likionekana limezimika.

Majivu acha kidogo chini, kama unene wa kidole, ndiyo hushika joto. Yakizidi, yatie ndoo ya chuma yenye mfuniko na uiweke nje juu ya jiwe. Kaa huweza kuishi ndani ya majivu hata siku nzima.

Ukuta mnene huchukua siku nzima kupata joto, kisha hulishika. Kwa hiyo moto mdogo wa muda mrefu ni bora kuliko mkubwa wa saa mbili, na ni vizuri kumwomba msimamizi awashe hita siku moja kabla hujafika.

Hatua ya 6: Kuishi na nyumba

Kila asubuhi fungua madirisha dakika kumi, hata kukiwa na baridi. Nguo zilizolowa ning'iniza mbali kidogo na jiko, usizitandaze juu ya hita. Mlango ufunguapo, inama. Boriti za mwaloni hazisamehi.

Maji ya chemchemi yakiwa na rangi kidogo ya chai baada ya mvua, mara nyingi ni mboji ya mlimani. Fuata daftari: likisema chemsha, chemsha. Choo mara nyingi huenda kwenye tangi la chini ya ardhi ambalo bakteria ndio wafanyakazi wake. Karatasi ya choo pekee, na mafuta ya kukaangia yasimwagwe kwenye sinki. Taka hutenganishwa kwa makini, na mabaki ya chakula yana ndoo yake.

Usiku mmoja usio na mawingu, zima taa zote utoke nje. Bannau Brycheiniog tangu 2013 na Eryri tangu 2015 zinatambuliwa kimataifa kwa kulinda giza la anga lake. Kuanzia Novemba hadi Februari Kilimia, lile kundi dogo la nyota, huwa juu sana jioni, kilekile wakulima wetu walichokitazama kujua mvua. Mama alikiona kabla yangu.

Hatua ya 7: Kwenda mlimani na kwa majirani

Mvua ya Eryri si ya kubahatisha, ipo. Tazama utabiri wa milimani wa asubuhi, si wa mji. Ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, wachora ramani wa taifa, ya kipimo cha 1:25,000, namba OL17 kwa Yr Wyddfa na bonde la Conwy, iwe mfukoni pamoja na dira. Ukitaka kuegesha Pen-y-Pass, zinakoanzia baadhi ya njia za Yr Wyddfa, weka nafasi mtandaoni kabla. Njia za umma zina vibao vya Llwybr Cyhoeddus. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi. Mkulima ana sababu yake. Machi hadi Mei kondoo wanazaa, kaa mbali nao.

Kabla hujatoka, acha ujumbe nyumbani: njia gani, saa ngapi kurudi. Ukipata shida piga 999, uombe polisi, kisha waokoaji wa milimani, ambao ni watu wa kujitolea. Sajili simu yako mapema kwa kutuma neno "register" kwenda 999 ili uweze kuomba msaada kwa ujumbe mfupi pale sauti isiposhika. Filimbi sita ndani ya dakika moja, kisha pumziko la dakika, ni ishara ya kuomba msaada. Ukirudi kagua miguu ya watoto: kwenye kangaga kuna kupe. Mng'oe kwa kibano, karibu na ngozi, bila kumchoma. Alama nyekundu ikitanuka siku au wiki zinazofuata, mwone daktari.

Mvua ikikufunga, nenda Tŷ Mawr Wybrnant karibu na Penmachno, baada ya kuangalia siku za kufunguliwa. Ni nyumba ya mawe ya shambani kama unayokaa wewe. Hapo ndipo alipozaliwa William Morgan, aliyetoa Biblia nzima ya Kiwelisi mwaka 1588, na kazi hiyo ndiyo iliyoishika lugha isipotee. Ndani mna Biblia za lugha nyingi zilizoletwa na wageni.

Kuna jambo moja zito. Nyumba za likizo zimepandisha bei, na vijana wengi wa vijiji hivi hawawezi kununua nyumba walikozaliwa. Septemba 2024 Gwynedd ilianza kumtaka mwenye nyumba aombe kibali kabla ya kuigeuza kuwa ya likizo. Mgeni halitatui hilo, lakini anaweza kununua kuni kwa jirani, nyama kwa bucha la mjini, chai kwenye mkahawa wa kijiji, na kumsalimia kila anayekutana naye njiani.

Asubuhi ya kuondoka

Usiwashe moto siku hiyo. Majivu baridi kwenye ndoo, vijiti vipya kwenye kikapu kwa anayekuja, mashuka yamevuliwa na kurundikwa, friji tupu, madirisha yamefungwa. Kama kitu kimevunjika, andika ukweli na umpigie msimamizi. Kwenye kitabu cha wageni andika kwa Kiswahili. Mama aliandika mistari minne, na mwaka uliofuata tuliikuta, mgeni mwingine ameandika chini yake "Asanteni, mama" kwa mkono tusioujua.

Ufunguo kwenye kisanduku, namba zivurugwe. Teremka polepole hadi geti la mwisho, simama, shuka, ulifunge.